Mama, Siendi Kuzama

Kosa langu lilikuwa kumweleza mama kwa Kiswahili sanifu. Ningesema PhD angenyamaza kwa heshima, kama anavyonyamaza kila nikitaja kitu asichokijua. Lakini siku hiyo nikajitia uzalendo wa lugha. Nikampigia simu Nansio, nikamwamkia, nikaulizia mihogo na yule mbuzi anayekohoa, halafu nikasema, "Mama, mwaka huu naomba uzamivu."

Simu ikakaa kimya. Nikasikia kuku nyuma yake.

"Baba, nani kazama?"

"Hakuna aliyezama, mama. Ni mimi naomba..."

"Unaomba kuzama?"

Msomaji wa bara usicheke haraka. Huku kwetu neno hilo halichezewi. Tangu MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza, na tangu MV Nyerere ilipopinduka Septemba 2018, hatua chache kabla ya kufunga gati Ukara, hakuna mama wa visiwani anayelisikia neno "zama" akabaki ameketi. Waliokaa wakaamua kwamba shahada ya juu kuliko zote iitwe uzamivu, nadhani walikuwa wanaishi mahali pakavu. Dodoma, pengine.

Nikamtuliza. Nikamweleza kwamba ni kusoma tu, kusoma hadi mwisho.

"Mwisho si ulifika mwaka ule uliovaa joho?"

"Lile lilikuwa joho la uzamili, mama."

"Na lile la kwanza?"

"La shahada."

"Na kabla ya hapo ulikuwa unasoma nini?"

"Stashahada."

Akahesabu majoho, akahesabu mbuzi waliouzwa kwa kila joho, akapumua. "Haya. Kwa hiyo sasa utakuwa daktari."

"Ndiyo, mama. Daktari wa uuguzi."

"Utapasua watu?"

"Hapana."

"Utaandika dawa?"

"Hapana."

"Sasa huo udaktari gani, baba? Wa kuitwa tu?"

Nimetafuta jibu la swali hilo wiki tatu. Nimelitafuta zamu ya asubuhi, nimelitafuta zamu ya usiku, nimelitafuta kwenye daladala ya Buhongwa nikiwa nimebanwa kwapani mwa mtu. Sijalipata. Kwa maana ukweli ni kwamba kuitwa nimeshaitwa. Mimi ni nesi wa kiume, na nesi wa kiume katika nchi hii anaitwa dokta tangu siku ya kwanza anapovaa sare. Miaka 19 sasa naitwa dokta, bure, bila tasnifu. Wodini kwetu kuna daktari bingwa, mwanamke, kasoma mpaka nywele zimeanza mvi, anatembea na kipimo chake shingoni. Kila asubuhi anasimama mbele ya mgonjwa, anamweleza ugonjwa wake kwa ufasaha, mgonjwa anamsikiliza kwa adabu, akimaliza ananigeukia mimi niliyeshika trei: "Dokta, huyu sista anasemaje?"

Zamani nilikuwa nasahihisha. Yeye pia alikuwa anasahihisha. Tumechoka wote. Siku hizi ananipa ishara kwa macho, narudia alichosema neno kwa neno, mgonjwa anasema, "Ahaa, ahsante dokta," tunahamia kitanda kinachofuata.

Kwa hiyo nilichotaka ni kulipa mamilioni, miaka minne, nipate kwa halali kitu ninachopewa bure kila siku. Mama watoto, anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba na ambaye hesabu zake hazina huruma, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza kizimba kimoja cha sato kinachukua muda gani kukomaa. Nikasema miezi kama saba. Akarudi kuchambua dagaa.

Shida nyingine ni lugha yenyewe. Panda kilima cha Bugando saa za kuona wagonjwa. Hospitali ile ilifunguliwa 1971 na rufaa nyingi za Kanda ya Ziwa zinaishia pale, kwa hiyo njia haikosi watu wenye chupa za chai na hotpoti za uji. Msimamishe yeyote umuulize anakwenda wapi. Atakujibu, "Nauguza." Namuuguza shemeji, namuuguza mtoto wa dada. Kiswahili kimeamua kwamba kuuguza ni kazi ya kila mtu mwenye ndugu. Sasa wewe simama mbele ya watu hao useme unaomba kusomea udaktari wa kuuguza. Ni kama kusema unaomba udaktari wa kuchota maji. Shangazi yangu, ambaye ameuguza wazee wanne wa ukoo hadi wakafukiwa, aliniangalia kwa huruma akasema, "Mwanangu, na wewe wamekuficha nini miaka yote hiyo?"

Nilijaribu kuwatajia historia, maana msomi akishindwa hoja hukimbilia historia. Nikawaambia Florence Nightingale, mwaka 1858, alichora michoro ya takwimu kuonyesha kwamba askari wa Uingereza kwenye vita ya Crimea walikuwa wanakufa zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi, kwa hiyo nesi na hesabu si wageni. Nikawaambia Teachers College ya Columbia University kule New York ilianza kuwasomesha wauguzi hadi ngazi ya udaktari mwaka 1924, wakati Mwanza hata treni haijafika. Treni ilifika 1928. Shangazi akauliza kama hao wa New York waliachiwa zamu zao na nani.

Na hapa nyumbani wapo waliotangulia. Profesa Lilian Mselle wa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, muuguzi, alisomea PhD yake Bergen, Norway, na alichokiandika si habari za Norway: ni habari za wanawake wa Tanzania wanaoishi na fistula ya uzazi. Yaani dada yetu alivuka bahari hadi kwenye barafu ili apate utulivu wa kuandika habari za mama wa kijijini kwetu. Nilimtaja kwa shangazi, akasikiliza kidogo. Fistula anaijua. Akasema, "Huyo sawa. Wewe unaandika nini?"

Nikasema bado natafuta pengo. Nitalirudia pengo, maana ndilo lililoninyima usingizi. Kwanza niseme ya karatasi.

Maombi siku hizi ni ya mtandaoni. Chuo sikitaji, nia yangu bado ni kupokelewa. Mfumo ukauliza jina. Jina la baba yangu, kama majina ya nusu ya Wasukuma wa Magu, linaanza na Ng', pamoja na ile alama ndogo ya juu ambayo mwalimu wetu wa Kiswahili aliiita ritifaa. Nikaliandika. Mfumo ukanijibu kwa wino mwekundu kwamba jina langu lina herufi isiyoruhusiwa. Nimekaa na jina hili miaka 44, nimeolea nalo, nimezalia nalo, nimekopea nalo SACCOS, leo mashine inaniambia haliruhusiwi. Nikaondoa ritifaa. Mfumo ukasema jina halilingani na la cheti cha kuzaliwa.

Hapo ndipo nilipovitoa vyeti vyangu vyote na kuvipanga kitandani. Cheti cha kuzaliwa: Ng'w. Cha kidato cha nne: Ngw. Cha stashahada: Ng' bila w. Cha uzamili kimeandikwa Nw, kama mtu mwenye mafua. Watu wanne tofauti, picha moja. Nikaenda kwa wakili, nikalipa 30,000, nikanyoosha mkono nikaapa kwamba mimi ni mimi, na kwamba wale wote watatu nao ni mimi. Wakili akagonga muhuri. Ndicho kitu pekee katika safari hii kilichoisha siku ileile.

Halafu barua ya mwajiri. Ukiwa mtumishi huandiki barua ikaenda. Unaandika barua ikapita. Ilipita kwa msimamizi wa wodi, ikapita kwa Muuguzi Mfawidhi, ikaketi kwa Katibu wa Afya siku 16 chini ya chupa ya chai (najua ni chini ya chupa, kwa sababu ilirudi na duara), ikafika kwa Mganga Mfawidhi. Kila mmoja aliandika "naipendekeza". Mmoja tu, kwa kalamu nyekundu, pembeni, aliandika: "Zamu yake nani?" Sina ugomvi naye. Ni swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na chuo. Mwishowe nikapewa barua ya ruhusa, nzuri, ya Kiswahili. Chuo kinataka ya Kiingereza.

Wadhamini walitakiwa watatu. Wawili walikubali kwa simu. Wa tatu ni mwalimu wangu wa zamani, mstaafu, ambaye siku hizi anafuga sato kwenye vizimba upande wa Sengerema na hana habari na barua pepe. Nikamfuata. Zamani safari hiyo ilikuwa kungoja kivuko mpaka unamaliza mahindi ya kuchoma mawili. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 unavuka hata hujafungua maji. Nilimkuta juu ya jahazi dogo la mbao anarusha chakula cha samaki, miwani imefungwa kwa uzi wa nyavu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Barua umeandika mwenyewe?"

"Nimeandika, mwalimu."

"Lete nisaini."

Ndiyo desturi yetu: unajisifu mwenyewe, mkubwa anatia saini. Mimi nilikuwa nimekesha najisifu. Si kazi ndogo kwa mtu aliyelelewa kuambiwa asijikweze. Nilikuwa nimejiita mchapakazi mara tatu kwa sababu nilikosa sifa nyingine. Nikadhani atasaini tu. Akaivuta miwani, akaanza kuisoma. Sato wanarukia chakula, maji yanatumwagikia miguuni, yeye anasoma kama anasahihisha mtihani. Akafuta mchapakazi mbili. Akafika penye "mbunifu wa hali ya juu", akafuta "wa hali ya juu".

Akanitazama. "Umebuni nini?"

Nikafikiri. "Mwaka ule stendi za dripu zilipopungua, mwalimu, nilitundika chupa kwenye misumari ya chandarua."

Akafikiri na yeye. "Haya, mbunifu ibaki." Akasaini, akanifungia sato wawili kwenye mfuko. Sijawahi kupunguziwa sifa kwa upendo kiasi kile.

Sasa pengo.

Ukitaka kusajiliwa lazima umpate msimamizi, na ukimwandikia profesa awe msimamizi wako hakuulizi hujambo, anakuuliza pengo. Pengo la maarifa liko wapi? Nini hakijulikani duniani ambacho wewe, nesi wa Mwanza, utakijulisha? Niliandika barua pepe tisa. Saba zilimezwa na ziwa. Profesa mmoja alijibu kwa neno moja, "Sawa", na hadi leo sijui alikuwa anakubali au anaaga. Mwingine aliuliza kama Mwanza kuna data za kutosha, au niufanyie utafiti Dar es Salaam. Huyo nilimjibu kwa ukali kidogo. Nilimkumbusha kwamba mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa vijijini Mwanza ulioonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa asilimia kama 40. Dunia nzima iliusoma. Kazi hiyo haikufanyika Masaki. Naye hakujibu tena.

Lakini swali likabaki. Kati ya Kigongo na Busisi palikuwa na pengo la maji la kilomita 3, kila mtu analiona kwa macho, hata mbuzi. Walioliziba kwa lile daraja hawakuombwa waandike kurasa tano kuthibitisha kwamba lipo. Mimi nikawa naamka usiku natafuta pengo kama mtu aliyeangusha funguo. Pengo nililolijua ni lile la kwenye ratiba ya zamu, penye mstari wa jina la nesi wa tatu na hapajaandikwa jina.

Nikaliandikia andiko langu zamu ya usiku, kwa simu, kidole kimoja. Tulikuwa wawili, wagonjwa 41, na mwenzangu alikuwa ameondoka kumsindikiza mama kwenda chumba cha upasuaji. Saa tisa usiku ndiyo nimefika sentensi ya pili, inayosema kwa Kiingereza kizito kwamba ubora wa uangalizi wa mgonjwa ni jambo tata, nikasikia sauti toka chini ya kitanda namba 17.

"Dokta. Maji yamebaki vidole viwili."

Ni bibi kutoka Ukara, anamuuguza mjukuu wake anayeharisha. Analala chini ya kitanda kwenye mkeka, mkono mmoja kaupitisha juu umeshika mguu wa mtoto. Nikaenda. Kweli, dripu imebaki vidole viwili. Nikabadilisha chupa, nikachukua chati ya kuandika maji yanayoingia na yanayotoka mwilini. Upande wa yanayotoka ulikuwa mtupu tangu saa mbili usiku. Mtupu kabisa, na sahihi juu ni yangu.

"Bibi, mtoto amekojoa?"

Bibi akaingiza mkono chini ya mkeka, akatoa kikombe cha plastiki, akakitikisa. Punje za mahindi. Kila mtoto akikojoa, anatupia punje moja. Akazimimina kiganjani mwangu: nyekundu tatu, nyeupe nne.

"Na hizi nyekundu?"

"Hizo kaharisha."

Nikasimama pale, taa ya simu mdomoni, nikahamisha punje saba za mahindi kwenda kwenye chati ya serikali. Bibi akaniomba nimrudishie punje zake. Nikamrudishia. Asubuhi daktari bingwa aliisoma chati ile akasema imejazwa vizuri, na kitanda namba 18 akaniuliza sista amesemaje.

Nilifuta sentensi ya jambo tata. Nikaandika kwamba nataka kujua kazi ya uuguzi inayofanywa na ndugu wanaolala chini ya vitanda: wanahesabu nini, wanakumbuka nini, wanatuamsha lini, na kiasi gani cha hayo kinaandikwa popote. Huo ndio uuguzi wenyewe, ule wa shangazi, na sisi wenye sare tunautegemea kila usiku huku tunajifanya hatuuoni. Kuna profesa mmoja, wa kumi, ambaye nilimwandikia nikiwa sina tumaini. Akajibu baada ya siku mbili: "Inavutia. Punguza." Hajauliza pengo. Nimepunguza mara nne sasa. Bibi bado yumo, mahindi yalikatwa kwenye rasimu ya pili.

Siku ya mwisho ya kutuma, umeme ulikatika mtaani kwetu saa mbili usiku. Nikakimbilia steshenari moja karibu na Makoroboi yenye jenereta. Binti wa pale akaniambia, "Anko, faili lako MB 11, mfumo unataka 2." Akalibana. Vyeti vikawa havisomeki. Akalibana kidogo. Mfumo ukasema picha yangu iwe na mandhari ya bluu. Akaninyanyulia nyuma ya kichwa pazia la dukani, la bluu, lenye maua. Sijali. Nikapewa namba ya malipo, nikalipa 50,000 kwa simu, pesa ambayo mama watoto anaijua kwa jina lingine. Saa tano na dakika 48 mfumo ukaandika kwamba maombi yangu yamepokelewa, nisubiri. Jina limeandikwa bila ritifaa.

Shirika la Afya Duniani liliwahi kutupa mwaka mzima, wauguzi na wakunga, mwaka 2020, kuadhimisha miaka 200 ya kuzaliwa Nightingale. Tukashona na vitambaa. Ikaja korona. Tangu hapo nikiambiwa nisubiri kitu kizuri, nasubiri nikiwa nimesimama.

Mama alipiga jana. "Baba, umeshazama?"

"Bado, mama. Niko ufukweni."

"Kaa hapohapo kwanza, ule."

Zamu yangu ya usiku inaanza leo saa mbili, na majibu ya chuo hayajatoka. Ukimleta mgonjwa wako ukamkuta mwanamume ameshika trei, na pembeni yake mwanamke ana kipimo shingoni, yule mwanamke ndiye daktari, msikilize yeye. Mimi ukitaka endelea kuniita dokta. Mwaka huu nimelipia, na risiti ninayo.